Rangi Iliyokataa Kugeuka

"Mhehe, mkono huu usiule. Mimi si mbwa."

Otmari Gama alisema hivyo akiwa bado mlangoni, kiganja cha kulia kimeinuliwa juu kama cha mtu anayeapishwa.

"Mbwa ana nyama," alijibu Daktari Vitalina Kikoti bila kugeuka. "Wewe Mngoni una nini? Kaa hapo."

Otmari alikaa huku akicheka. Walikuwa watani hao, na utani wa Wahehe na Wangoni, wa kuitana wala mbwa na watupa ngao, haukuachwa nyuma wakati mji wa Lihungu ulipojengwa vilimani kwa ajili ya Taasisi. Ulipakiwa pamoja na majembe na magodoro. Otmari alikuwa fundi seremala. Umri wake ulikuwa wa kuitwa babu, lakini shingo ilikuwa nene na ngozi ya uso imekaza, kama ilivyokuwa kwa wazee wote wa mji ule. Wageni waliofika Lihungu walikuwa wakimwamkia kijana wakidhani ni mzee, na mzee wakimpita bila salamu. Wenyeji walikwisha kuzoea.

"Kibanzi cha mninga," alieleza. "Nimekitoa mwenyewe. Nisingekuja, ila mke wangu anasema mkono unanuka."

Mkono ulinuka kweli. Kiganja kilikuwa kimevimba, na katikati yake pamekaa donge gumu la rangi ya zambarau. Vitalina alilibonyeza, Otmari akauma meno. Kilichomshangaza daktari ni kwamba donge halikuwa na joto. Kidonda kibaya kiasi kile kilipaswa kuwaka, na hiki kilikuwa kimepoa kama kiazi cha jana.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Otmari. "Mhehe akinyamaza ujue anatafuta chumvi."

Vitalina alimtoa damu kidogo, akaidondoshea dawa ya manjano juu ya kioo, akakisubirisha kwenye joto, kisha akakiweka chini ya hadubini.

Hapa msomaji anivumilie kidogo, maana bila jambo hili mengine yote hayataeleweka. Chembe nyeupe ya damu haina meno wala kucha. Ikimkamata kijidudu humfunika na kumfungia tumboni mwake, kisha humwagia oksijeni kali. Ni oksijeni ileile tunayovuta, ila imenyang'anywa utulivu wake, kwa hiyo hurukia chochote kilicho karibu na kukiunguza. Ni ndugu wa ile dawa inayotoa povu jeupe tukioshea kidonda, tofauti ni kwamba hii mwili hujipikia wenyewe. Oksijeni kali hiyohiyo huvuja pia, kidogo kidogo, kutoka kwenye majiko yanayotia nguvu kila seli, na miaka ikipita uvujaji huo ndio unaochangia kutuchakaza viungo na ngozi. Taasisi ya Lihungu ilikuwa imetengeneza dawa ya uchakavu huo, ikaiita Zimamoto. Ilikuwa vifuko hai vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyopandwa ndani ya uboho wa kila mkazi, vikitoa kimeng'enya cha kuzima oksijeni kali kabla haijaunguza kitu. Vifuko vyote mjini vilisikiliza wimbi moja, kutoka chumba kimoja, kwenye gurudumu moja dogo la shaba. Na aliyekabidhiwa gurudumu hilo alikuwa Vitalina.

Chembe za Otmari zilikuwa zimewameza vijidudu vizuri sana. Walionekana mle ndani, wengi, wamenona. Kama chembe zingekuwa zinawaunguza, ile dawa ya manjano ingegeuka buluu iliyokolea. Vitalina alingoja. Akaongeza joto, akangoja tena. Rangi ilibaki manjano.

Alijua sababu pale pale, kabla ya kufikiri. Masika yaliyopita alikuwa amelipandisha gurudumu.

"Haya, sema," alisema Otmari. "Nikaage watoto?"

Huo ulikuwa mlango wazi, na Vitalina angeweza kupita. Otmari alikuwa mtu wa kuambiwa. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, nyepesi, yenye kicheko ndani yake:

"Jipu tu. Babu zako walitupa ngao kwa kutuogopa, wewe unaogopa jipu?"

Alimpa viuavijasumu vikali kuliko vyote alivyokuwa navyo, akijua kwamba havitawafikia vijidudu waliojificha ndani ya chembe nyeupe, na akamsindikiza hadi mlangoni. Otmari alipoondoka, Vitalina alijichoma kidole mwenyewe, akaweka tone lake juu ya kioo kingine. Manjano. Alivitupa vioo vyote viwili kwenye pipa la taka, akanawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Mkurugenzi Sigfrid Luoga hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi kusema alikuwa mbaya, hadithi ingekuwa nyepesi. Alimsikiliza Vitalina mpaka mwisho, akavua miwani, akafikicha macho.

"Mmoja," alisema.

"Tuliyemwona ni mmoja. Mimi mwenyewe niko hivyo. Wewe pia."

"Basi shusha."

"Nikishusha, wazee watarudi walikokuwa. Miili yao imekaa miaka bila moto, imesahau kujikinga. Ile oksijeni kali ndiyo ilikuwa inaiamsha seli itengeneze kinga yake. Kengele hailii tena, na walinzi wameshakwenda nyumbani. Wengine watazeeka taratibu, wengine moyo hautastahimili."

"Akina nani?"

 Luoga alimjua mama yake Vitalina, Bibi Agripina, kama mji mzima ulivyomjua. Hakuhitaji kujibiwa.

"Nisikilize, mdogo wangu," alisema Luoga kwa upole. "Wageni wanakuja kuona matokeo mwisho wa mwezi. Wakishaondoka, unashusha kidogo, tunatazama. Unashusha tena kidogo. Bila tangazo. Watu wakiambiwa kwamba kibanzi kinaua, watakufa kwa hofu kabla ya kibanzi. Hata ulipopandisha hukuwauliza, na hakuna aliyelalamika."

Hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya miti ya misindano, alimkuta mama yake bustanini akipalilia. Bibi Agripina alikuwa na miaka tisini na kitu, na alikuwa ameinama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, kama msichana. Upande wa pili wa tuta la maharage ulisimama mkongojo wake wa zamani. Alikuwa ameuchomeka pale mwaka ule Zimamoto ilipoanza kufanya kazi, mbele ya majirani, huku akiuambia, "Umenibeba vya kutosha, sasa beba maharage." Mmea ulikuwa umeuzunguka mpaka juu.

"Kamwene, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Kazi, mama. Magoti yanasemaje?"

"Magoti gani?" Bibi Agripina alicheka, akaruka mfereji wa maji kwenda na kurudi ili kumwonyesha.

Masika yaliyopita magoti hayo yalikuwa yameanza kuuma tena. Bibi hakulalamika. Aliacha tu kuruka mfereji, akawa anauzunguka. Vitalina alimtazama akiuzunguka kwa wiki nzima, kisha akaenda kazini akaandaa hoja zake vizuri, zenye takwimu na michoro, kwamba mji mzima unaweza kupandishwa kidogo bila madhara. Katika hoja zile hakutaja goti hata moja.

Kesho yake alisimama mbele ya gurudumu la shaba, vidole juu yake. Akilini aliona mfereji na mama yake angani juu ya maji. Akaondoa mkono, akajiambia atashusha wageni wakishaondoka, kama Mkurugenzi alivyosema, na akajichukia kwa namna neno "Mkurugenzi" lilivyomjia haraka mdomoni.

Otmari alikufa kabla ya wageni kufika. Vitalina alikuwa pembeni ya kitanda. Mpaka karibu na mwisho Otmari alikuwa akimtania, kwa pumzi fupi fupi, kwamba Wahehe wameshindwa kumla sasa wanamsubiri achache. Vitalina alikuwa akicheka naye, machozi yakimtoka, na kila mtu chumbani aliona ni mtani mwenye mapenzi.

*

Kwenye msiba wa Mngoni, mtani Mhehe halii. Ana kazi nyingine. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza anavyotembea, huzuia jeneza njiani, huteka kitu cha nyumba ile na kudai fidia. Humtukana marehemu kwa mambo aliyoyafanya na ambayo hakuyafanya, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Ndivyo watu wale walivyojifunza kuvuka siku ya kuzika, na sijaona njia iliyo bora.

Bibi Agripina ndiye aliyekuwa bingwa wao. Siku ya maziko ya Otmari alikuja amevaa koti la marehemu, penseli ya useremala nyuma ya sikio, randa yake kwapani. Alipita katikati ya waombolezaji akipima vichwa vya watu kwa kamba na kuwaahidi masanduku. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, kabla ya mtu yeyote kumzuia, aliruka ndani, akajilaza chali.

"Limejaa!" alipaza sauti kutoka chini. "Tafuteni jingine! Au leteni jogoo, na awe mwekundu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Hata Skolastika, mjane, alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika.

Vitalina alikuwa amesimama karibu na jeneza. Lilikuwa jeneza zuri la mninga, limelainishwa hadi kung'aa. Alijua ni kazi ya nani: Winfrida, binti wa Otmari, aliyefundishwa useremala na baba yake na aliyekataa kuwaachia wengine kazi ile. Winfrida alikuwa amesimama upande wa pili na yeye akicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, mkono umeuziba mdomo. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa.

Juu ya kitambaa, kidole kilikuwa kimevimba. Kati ya kitambaa na ngozi ilionekana zambarau.

"Umeumia nini?" Vitalina alimuuliza, akiwa amemzunguka na kumfikia.

"Randa, shangazi. Wakati namalizia kifuniko. Kidogo tu." Winfrida alikificha kidole nyuma, kama mtoto. "Ajabu hata hakiumi sana. Kiko baridi."

 Vitalina angeweza kwenda moja kwa moja Taasisi, kugeuza gurudumu na kurudi kabla udongo haujajazwa. Hakuna ambaye angejua. Angemwokoa Winfrida, na wazee wangeanza kuanguka mmoja mmoja bila kujua ni nini kilichowapata, na yeye angekuwa amewaamulia tena, mara ya pili, kimyakimya kama mara ya kwanza. Wangewazika na kuwatania makaburini. Angevaa makoti yao.

Alipanda juu ya lundo la udongo.

"Nina neno," alisema. "Otmari nimemuua mimi."

Kicheko kililipuka mbele na nyuma yake.

"Mhehe amekiri!" alipiga kelele Kasian, mdogo wa marehemu. "Shikeni huyo! Alipe!"

"Nisikilizeni. Kibanzi hakikuwa cha kumuua. Mimi ndiye niliyepandisha kipimo cha Zimamoto masika yaliyopita, bila kuwauliza. Damu yenu haiwezi tena kuua vijidudu. Inawameza tu."

"Inawameza!" Kasian alijipiga paja. "Kama nyinyi na mbwa wetu!"

Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kilichokuwa kweli zaidi kiliwachekesha zaidi. Aliwaeleza rangi ya manjano, mtu mmoja akauliza kama ni wali wa binzari. Aliwaambia alimdanganya Otmari usoni kwamba ni jipu, wakapiga makofi. Sauti yake ilianza kutetemeka, wakasema, jamani, anajua kuigiza, amemrithi mama yake.

"Nilipandisha," alisema, "kwa sababu ya magoti ya mama yangu. Yalikuwa yanauma. Mji mzima niliupandisha kwa ajili ya magoti ya mama."

Hapo walishindwa kabisa. Mwanamume mmoja alikaa chini. Wakamwita Bibi Agripina mle kaburini ajibu kuhusu magoti yake. Ila kutoka kaburini hakukuja jibu lolote, na katika kelele ile ni Vitalina peke yake aliyeligundua hilo.

Mkurugenzi Luoga alikuwa amesogea mpaka chini ya lundo. Alimshika kiwiko.

"Umeshasema," alinong'ona. "Mbele ya wote. Dhamiri yako imetua. Shuka sasa, twende zetu."

Naomba asimhukumu haraka mtu ambaye hajawahi kupewa njia laini kiasi hicho. Alikuwa amesema. Hakuna ambaye angeweza kudai kwamba alificha. Ikija kujulikana baadaye angesema, niliwaambia, mkacheka. Kwa kitambo kidogo Vitalina alisimama ndani ya kicheko kile kama mtu aliyejikinga mvua, akaona kinampendeza. Hiyo ndiyo aibu aliyokuja kuikumbuka kuliko zote, kuliko hata ya kusema ni jipu.

Kisha alimwona Winfrida akifuta machozi ya kicheko kwa kile kidole.

Alijitoa mkononi mwa Luoga. Alishuka kwenye udongo, akapita kati ya watu waliokuwa wakimpigapiga mgongoni, akaenda hadi alipokaa Skolastika kwenye mkeka. Akapiga magoti mbele yake, yote mawili, akainamisha kichwa.

"Poleni," alisema. "Pole, Mama Winfrida. Poleni sana kwa msiba."

Neno hilo kila mtu alikuwa amelisema siku ile, isipokuwa watani. Mtani hampigii mtani wake magoti, na kwenye msiba hampi pole. Akifanya hivyo, anakuwa ameuvua utani na kuuweka chini. Watu wa karibu waliacha kucheka kwanza. Waliokuwa nyuma waliendelea kidogo, wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakanyamaza nao. Ukimya ulitembea hadi kwenye ukingo wa makaburi.

Skolastika aliondoa mkono mdomoni.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Siku ile alipokuja na mkono."

"Alikuwa mzima."

"Alikuwa mzima."

"Na ungeweza kushusha hilo gurudumu lako."

"Ningeweza. Nililishika. Nikaliacha."

Skolastika hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alivuta kitenge chake kutoka pale goti la Vitalina lilipokuwa limekikanyaga, taratibu, kama anayeondoa kitu kisiguswe na uchafu.

"Kidole cha Winfrida ni vilevile," alisema Vitalina akiwa ameinama. "Kuna muda bado. Nikishusha leo, damu yake itarudiwa na moto siku chache zijazo. Kumhamisha mji hakutasaidia, vifuko hubaki na amri ya mwisho. Lakini haiwezekani kushusha kwa ajili yake peke yake. Gurudumu ni moja. Wazee watazeeka. Wengine hawatamaliza mwaka. Siwezi kuamua tena peke yangu. Ndiyo maana nimesema."

"Huu ni uzushi wa mtu mwenye majonzi," alianza Luoga. "Ndugu zangu, tusifanye mambo makubwa kwenye..."

"Nitoeni huku."

Sauti ilitoka kaburini. Watu walikuwa wamemsahau. Kasian aliinama kutoa mkono, na Vitalina akakimbilia kutoa wa kwake. Bibi Agripina aliitazama mikono yote miwili, akaiacha. Alipandisha mguu mmoja ukingoni, akajivuta, akasimama juu. Udongo ulikuwa umemganda mgongoni kwenye koti la Otmari.

Hakumtazama binti yake. Alivua koti, akalikung'uta, akalikunja. Akaweka randa juu yake, na penseli juu ya randa, akavipeleka kwa Skolastika, akampa bila kudai jogoo.

"Magoti ni yangu," alisema, akiwageukia watu. "Sikumtuma mtu ayatibu kwa damu ya watu. Lakini nimeruka nayo mfereji, sitasema sikuyafurahia." Aliwatafuta wazee kwa macho. "Tulipopandishwa hatukuulizwa. Leo tumeulizwa, angalau. Mimi wa kwanza nasema ashushe. Nani mwingine anaguswa? Wazee, semeni. Vijana nyamazeni, hili si lenu."

Hawakusema wote. Mzee mmoja aliondoka na wanawe bila kuaga. Bibi mwingine alilia, akasema anaogopa, na hakuna aliyemcheka. Lakini Kasian, ambaye mvi zilikuwa zimegoma kumwota kwa miaka mingi, aliinua mkono. Baada yake mikono iliinuka hapa na pale, bila haraka, mpaka hapakuwa na haja ya kuhesabu. Luoga alikuwa ameinamisha uso. Mkono wake ulikuwa wa mwisho, nao uliinuka nusu tu.

Ndipo wakamzika Otmari.

*

"Nitakuja nione kwa macho yangu," Skolastika alikuwa amesema. "Wewe sikuamini."

Kwa hiyo walikwenda wote wanne, Vitalina, Skolastika, Winfrida na Bibi Agripina, bado na vumbi la makaburini miguuni. Vitalina aliwaonyesha gurudumu. Walionekana kushangaa kwamba lilikuwa dogo kiasi kile. Alilishika, na safari hii mkono hakuuondoa, kwa sababu macho ya Skolastika yalikuwa yameukalia. Aliligeuza mpaka pale lilipokuwa kabla ya masika, kisha akaendelea kuligeuza chini zaidi ili moto urudi wote, mpaka alama ambayo haikuwa imeguswa tangu mji ulipoanzishwa.

Hakuna kilicholia. Taa moja ilibadilika rangi.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Skolastika.

"Ni hivyo tu."

"Na mume wangu alikufa kwa kukosa hivyo tu."

 Skolastika alimshika binti yake mkono, wakaondoka.

Winfrida alirudi kila asubuhi kutolewa tone la damu. Alirudi na mama yake, na mama yake hakumsalimia daktari hata siku moja. Tone la kwanza lilibaki manjano, na lililofuata. Zambarau ilipanda kidoleni hadi kifundo cha pili, na Vitalina hakula. Kisha asubuhi moja kulikuwa na ukungu wa buluu pembeni mwa tone, mwepesi, kama nguo iliyochuja rangi. Kidole kilikuwa chekundu, kinapwita, kina joto.

"Kinauma sana, shangazi," alilalamika Winfrida.

"Ndiyo," alisema Vitalina. "Kinauma."

Skolastika alisogea akachungulia kwenye hadubini, ingawa hakuonyeshwa namna. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia binti yake avae viatu, waende nyumbani.

Siku hiyo Vitalina alirudi mapema. Mama yake alikuwa bustanini, mikono kiunoni, akitazama mfereji. Hakuuruka. Hakuuzunguka pia. Alikuwa anautazama tu kama mtu anayekadiria bei.

"Mama," alisema Vitalina. "Nisamehe."

"Kipi? Cha kunipandisha au cha kunishusha?"

"Vyote. Na kwa kulitaja goti lako mbele ya watu."

Bibi Agripina alifikiri. "Cha watu kilinitia aibu," alisema waziwazi. "Nilikuwa nimelala kaburini mwa mtu, nikasikia amelala humo kwa sababu yangu. Hicho sijui kama kitaisha. Tutaona nacho tunaishije."

Alikwenda kwenye tuta la maharage. Aliukata mmea uliojisokota, uzi kwa uzi, akaung'oa mkongojo kutoka ardhini. Mmea ulilegea ukalala juu ya udongo. Ncha ya mkongojo ilikuwa imeliwa na mchwa, na bibi aliifuta kwa upindo wa kanga, akajipima nao.

"Umekuwa mfupi," alisema. "Au mimi nimerefuka."

Vitalina alitaka kucheka, akashindwa. Alisogea kumshika mkono.

"Usinishike," alisema mama yake. "Bado."

Akaushika mkongojo, akaanza kutembea nao kuelekea nyumbani, taratibu, akijifunza upya ingawa hakuwa akiuhitaji, na Vitalina akamfuata nyuma bila kumpita.